Chapa na Sindano: Njia ya Nguo katika Inchi ya Shaba

Tunapofundisha historia ya Kolwezi katika madarasa yetu, tunasema habari za shaba, za kobalti, za reli na za vita ya 1978. Habari ya nguo hatuisemi. Mwanafunzi anaweza kumaliza sekonderi anajua vizuri mwaka Union Minière ilipoanza, lakini hajui kikwembe cha mama yake kilichapwa wapi, wala nani alimfundisha bibi yake kushika sindano. Ni pengo kubwa, kwa sababu katika inchi yetu shaba na nguo vilitembea pamoja tangu zamani. Shaba ilitoka, nguo iliingia.

Katika makala hii fupi tutafuata njia hiyo ya nguo mpaka leo, wakati mashini za kuchapa za dijitali (wengine wanasema numeriki) zimefika hata kwetu. Jambo moja tutaliona toka mwanzo: chapa ya nguo ilitoka karibu kila mara mbali, lakini sindano njo ilikuwa mkono wetu. Leo chapa yenyewe inaweza kutengenezwa hapa hapa, mita moja moja. Basi tujiulize: na sindano, itaenda wapi?

1. Shaba ilitoka, nguo iliingia

Mbele ya nguo za pamba, wazee wetu walivaa ngozi, magome ya miti yaliyopigwa kwa nyundo mpaka yakalainika, na nguo za raffia, zile Waluba wanaita madiba. Nguo ya raffia haikuwa ya kuvaa tu. Ilikuwa pia feza: watu waliilipa katika mahari na katika kesi. Sawa vile ilivyokuwa misalaba ya shaba, ambayo wachimbaji wa mambo ya kale waliikuta kwa wingi katika makaburi ya Upemba. Tuseme basi kwamba wazee walikuwa na akiba mbili, moja ya kuyeyusha na moja ya kufuma.

Kati ya 1802 na 1811 wafanyabiashara wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walikata Afrika toka magharibi mpaka mashariki. Walipita kwa Mwant Yav na kwa Kazembe wa Luapula, na katika habari zao shaba ya inchi hii inatajwa. Miaka makumi nyuma yao, M'siri alijenga ufalme wake wa Garenganze pale Bunkeya, ambayo leo iko katika jimbo letu la Lualaba. Misafara ilimfikia toka pwani ya mashariki na toka Benguela. Ilibeba shaba, pembe za tembo na, tusifiche, watumwa. Ilileta bunduki, ushanga na nguo. M'siri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, lakini mazoea ya kupima utajiri kwa nguo hayakufa pamoja naye.

Nguo iliyojulikana zaidi katika misafara ya mashariki ilikuwa merikani, pamba nyeupe isiyopakwa rangi. Jina lake linasema asili yake: ilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, Marekani. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipozuia viwanda vile (1861–1865), nguo za Uingereza na India zilichukua nafasi. Mtu wa Katanga hakuchagua kitu katika mambo hayo. Vita ilipigwa ng'ambo ya bahari, na kiuno chake kikabadilisha nguo.

Lakini tutazame pwani yenyewe, kule misafara ilikotoka. Katika Zanzibar na Mombasa, karne ya 19, wanawake walinunua vitambaa vidogo vya kichwa vilivyochapwa, vinaitwa leso, jina lililotoka kwa Wareno. Waliona kitambaa kimoja ni kidogo. Wakachukua sita, wakavishona tatu juu na tatu chini, ikawa nguo moja kubwa. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaagiza nguo ichapwe tayari kwa kipimo kile, na kanga ikazaliwa. Msomaji aangalie vizuri mpangilio wa mambo: sindano ya wanawake ilitangulia, mashini ya kiwanda ikafuata. Watu wengi wanafikiri kwamba mashini ndiyo inayovumbua na mkono unaiga. Hapa ilikuwa kinyume.

2. Somo la Wakuba

Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi. Kasai ni jirani yetu, na tangu reli ya B.C.K. ilipofika Port-Francqui (leo Ilebo) mwaka wa 1928, watu wengi wa Kasai walikuja kufanya kazi katika miji ya shaba. Katika Kasai, Wakuba wanajulikana ulimwenguni kote kwa nguo zao za raffia. Kazi imegawanywa: wanaume wanafuma kitambaa, wanawake wanadarizi. Mwanamke anapitisha uzi laini wa raffia chini ya uzi wa kitambaa, anaukata kwa kisu kidogo, anausugua mpaka unasimama kama manyoya. Wazungu waliita kazi hii velu ya Kasai. Mara mingi hakuna mchoro unaochorwa kwanza juu ya kitambaa. Mchoro uko katika kichwa cha mama, na unabadilika njiani.

Mwanahistoria Jan Vansina alieleza hadithi moja ya miaka ya 1920. Wamisionari walimwonyesha mfalme wa Wakuba pikipiki, na walingoja ashangae. Mfalme hakushughulika na pikipiki. Alichokipenda ni alama za magurudumu katika mchanga. Aliamuru mchoro ule unakiliwe, na ukaitwa kwa jina lake.

Kwa maoni yangu, hadithi hii fupi inafaa kufundishwa katika kila shule. Gurudumu linachapa mchanga: ni chapa ya kiwanda, inarudiarudia bila kuchoka. Mfalme hakuikataa kwa sababu ilikuwa ya kigeni, wala hakuabudu mashini iliyoileta. Aliitazama, akachukua kilichomfaa, akakiingiza katika mchoro wa kwao. Mtu anayeuliza namna ya kupokea mashini za leo anaweza kuanzia pale.

3. Kikwembe na roli za shaba

Turudi kwa kikwembe. Kile tunachoita waks kilianza kama uigaji. Katika kisiwa cha Java watu walichora nguo kwa nta ya moto kwa mkono, ile batiki. Wafanyabiashara wa Uholanzi na wa Uingereza walitafuta namna ya kuiga batiki kwa mashini. Kampuni ya Vlisco, iliyoanzishwa Helmond mwaka wa 1846, ni moja ya zile zilizofanikiwa. Soko lao kubwa halikuwa Java bali Afrika.

Namna ya kazi ni hii. Mchoro unachongwa juu ya roli za shaba. Roli zinapaka utomvu wa moto pande zote mbili za kitambaa, kisha kitambaa kinaingizwa katika rangi ya nili. Pale penye utomvu rangi haiingii. Utomvu ukivunjika, rangi inapenya katika nyufa na kuacha mishipa midogo, na njo sababu mita mbili za waks ya kweli hazifanani kabisa. Kuchonga roli kwa mchoro mmoja ni gharama kubwa, kwa hiyo kiwanda kinapaswa kuchapa maelfu ya mita ili kipate faida. Hapa tunaelewa kwa nini mchoro uliamuliwa mbali. Fundi wa Kolwezi au mama wa soko hakuweza kuagiza mita kumi za mchoro wake mwenyewe. Hata shaba ya inchi yetu, ikiwa ilifika siku moja katika roli zile, ilifika kama mali bila sauti.

Inchi yetu pia ilichapa vikwembe. Kilimo cha pamba kilifanywa cha lazima tangu 1917, na wazee wa vijiji wanakumbuka uchungu wake. Baadaye kulikuwa viwanda: UtexLéo kule Léopoldville, Filtisaf kule Albertville (leo Kalemie), Sotexki kule Kisangani. Filtisaf ilikufa. Ile ya Kinshasa, iliyokuja kuitwa Congotex, ilifunga mwaka wa 2007, kwa sababu vikwembe vya bei ndogo kutoka Asia vilijaza masoko.

Bamama hawakukaa kimya mbele ya chapa hizo za mbali. Walizipatia majina, kama lile la mume mwenye uwezo, «mari kapable», ambalo msomaji analijua. Kisha walizipeleka kwa fundi. Kola, mikono, mkunjo, uzi wa dhahabu pembeni ya shingo: huko njo kikwembe kilichapwa kwa maelfu kilikuwa cha mtu mmoja.

4. Sindano ya foaye

Sindano ya bamama wa miji ya migodi ina historia yake. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilianza karibu na 1928 kushika wafanyakazi wake kwa muda mrefu pamoja na wake na watoto. Katika makambi yake, na baadaye pale Kolwezi, wanawake walipelekwa katika foaye. Masista na wasaidizi wa kijamii waliwafundisha kupika, kulea mtoto, kufuma sufu, kushona na kudarizi: mshono wa mnyororo, mshono wa msalaba, mshono wa nyuma.

Tusiseme kwamba yote yalikuwa mazuri. Kompani ilitaka mke anayekaa nyumbani ili mume aende kazini kila asubuhi. Mwanamke aliyekuwa mkulima na mwenye shamba lake alifundishwa kudarizi maua ya Ulaya, waridi ambalo hakuliona hata siku moja. Hiyo ni kweli, na mwalimu wa historia anapaswa kuisema. Lakini mkono ukisha kujifunza, hauwezi kuzuiliwa kwa waridi tu. Mashuka ya bibi arusi, vitambaa vya meza, foronya zenye majina ya watoto: hizo zikawa kazi za kwetu.

Na Gécamines ilipoanguka, nyuma ya kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka wa 1990, mishahara ilipokatika, na wakati zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka kwa mpango wa «depar volonter» wa 2003, ilionekana faida ya mkono ule. Nyumba nyingi zilikula kwa biashara ndogo za bamama, na mashini ya kushona chini ya barza ilikuwa moja yao.

5. Picha juu ya nguo

Kuna hatua moja zaidi mbele ya kufika dijitali. Wakati wa «otantisite», tangu 1972, serikali ilikataza suti za kizungu kwa wanaume, na suruali na wigi kwa wanawake. Kikwembe kikawa nguo ya taifa ya wanawake. Juu yake tuliona uso wa Mobutu na mwenge wa chama. Kisha tuliona nyuso za maaskofu, za watakatifu, na kila mwaka tangazo la tarehe 8 Machi. Nguo ilikuwa gazeti linalotembea. Lakini nani alikuwa mwandishi wa gazeti lile? Chama, Kanisa, wizara. Raia alivaa picha, picha yake mwenyewe haikuwamo.

Dijitali imegeuza jambo hili. Mashini za kunyunyiza rangi juu ya nguo zilitoka viwandani katika miaka ya 1990. Hazina roli wala fremu. Picha inatoka katika kompyuta, vichwa vidogo vya mashini vinanyunyiza matone ya rangi moja kwa moja. Mita moja inagharimu karibu sawa na mita ya mia, na mchoro wa mtu mmoja unaweza kuchapwa mara moja tu. Msomaji wa Kolwezi anajua matokeo yake katika kilio: kabla ya maziko, vijana wa familia wamekwisha kuvaa fulana zenye uso wa marehemu, jina, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa.

Lakini tuwe waangalifu, kwa sababu rangi hazifanani. Njia inayotumiwa sana kwa fulana ni ile ya joto: picha inachapwa juu ya karatasi, kisha inakandamizwa kwa moto wa karibu digrii 200, rangi inageuka hewa na kuingia katika nguo. Inashika vizuri juu ya poliesta. Juu ya pamba haikai. Pamba inaomba njia nyingine: kitambaa kinalowekwa kwanza katika soda na dawa nzito, kinachapwa, kinapikwa kwa mvuke, kinasafishwa. Au wanatumia rangi ya unga mwembamba, inayokaa juu ya uzi na kushikwa kwa joto. Yule anayepitisha kitambaa cha pamba katika printa ya ofisi, kimebandikwa juu ya karatasi ili kisikunjike, atapata picha nzuri siku hiyo. Lakini wino mwingi wa ofisi unakimbia na maji. Kitu cha kutundika ukutani, sawa. Kitu cha kufua, hapana.

6. Wakati uzi unapita katika picha

Katika Katanga tuna neno moja kubwa: ukumbusho. Wachoraji wa mijini walilitumia kwa picha zinazomrudisha mtu katika mambo aliyoyapitia. Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya inchi katika miaka ya 1970, alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Hata huo ulikuwa uamuzi juu ya nguo: mfuko wa chakula ukawa ukurasa wa historia.

Mwana wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka wa 1978, alichukua ukumbusho huo akauingiza katika kompyuta. Katika kazi yake «Mémoire» ya 2006, alipandikiza picha za zamani za wafanyakazi juu ya picha mpya za viwanda vya Gécamines vilivyobomoka. Na mwaka wa 2017 alichukua michoro ya nguo za raffia za ufalme wa Kongo akaiweka katika bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Nguo na shaba, zile akiba mbili za wazee, zilikutana tena.

Kuunganisha chapa ya dijitali na sindano, mfano mzuri unatoka Côte d'Ivoire. Tarehe 13 Machi 2016 watu wenye silaha waliua watu katika fukwe za Grand-Bassam. Majuma machache baadaye msanii Joana Choumali alikwenda kule, akapiga picha kwa telefone yake: watu wanatembea peke yao, wanakaa, wananyamaza. Alichapa picha zile juu ya kitambaa, kisha alizidarizi kwa mkono, uzi wa rangi juu ya barabara tupu na juu ya watu wale. Kazi ile, «Ça va aller», ilipata zawadi ya Prix Pictet mwaka wa 2019, na hakuna Mwafrika aliyeipata mbele yake.

Kwa nini uzi? Kuna sababu ya mkono na sababu ya moyo. Chapa ni laini na bapa, uzi unasimama na kushika mwanga, kwa hiyo jicho linakwenda pale mshonaji anapotaka. Uzi unaweza kufunika, na unaweza kuonyesha. Lakini zaidi ya hayo, chapa inapita upesi. Kudarizi uso wa mtu kunaomba kukaa naye siku nyingi. Yule aliyefiwa anaelewa tofauti hiyo bila kufundishwa.

7. Na sisi wa Kolwezi?

Swali hili kwetu ni zito. Mji wetu ulianzishwa mwaka wa 1937 juu ya madini, na leo madini yanaumeza. Katika Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti chini ya vyumba vyao, na mwaka wa 2017 familia za sehemu moja ziliondolewa ili mgodi upigiwe ukuta. Katika Site ya Gécamines pia nyumba zilivunjwa kwa upanuzi wa shimo. Nyumba ikivunjwa, kunabaki nini? Mara mingi, picha chache katika telefone ya mtoto, na sanduku la vitambaa la bibi. Telefone inaibiwa. Bibi naye anazeeka. Wale waliojifunza kudarizi katika foaye wamebaki wachache, na kila mwaka tunazika wengine.

Hapa njo tunaweza kufanya kitu bila kungoja mfadhili. Shule zetu zenye sehemu ya kushona zina mashini na zina sindano. Mjini kuna maduka yanayochapa fulana na mabango. Mwanafunzi apige picha ya barza, ya mwembe, ya mlango wenye namba ya kambi, mbele havijavunjwa. Ichapwe juu ya pamba kwa wino unaofaa. Kisha akae karibu na bibi, amfundishe mshono wa mnyororo, na pamoja wapitishe uzi pale ambapo bibi anasema: hapa tulikuwa tunakaa jioni. Kitambaa cha pili kiwekwe chini ili chapa isivutike, na sindano iwe nyembamba. Picha iliyobandikwa kwa plastiki isitobolewe ovyo, maana tundu halifungi tena. Pembeni ya nguo wadarizi jina la njia na mwaka.

Wengine watasema huo ni mchezo wa sanaa, watu wana njaa. Ni kweli watu wana njaa. Lakini siku ya kuhesabu malipo ya nyumba, mwenye kuonyesha alikaa wapi na toka lini hayuko sawa na yule asiye na kitu cha kuonyesha. Na mtoto aliyezaliwa nyuma ya kuhamishwa atauliza siku moja tulitoka wapi. Jibu la maneno tu litapotea.

Kwa miaka zaidi ya mia mbili inchi hii ilitoa shaba na kupokea nguo iliyochorwa na wengine. Sasa mchoro unaweza kuwa wetu, na mkono wa kuudarizi bado tuko nao katika nyumba zetu. Wazazi wafungue masanduku, walimu wawapeleke wanafunzi kwa bibi zao, na kazi ianze na zile nyumba zilizo karibu na shimo.